Mama Hunituma, Nami Humrudishia Njia

Tangu nipate akili, mizunguko ya nyumbani kwetu ilikuwa ya mama. Yeye ndiye aliyepeleka viatu kwa fundi na kufuata nguo kwa mshonaji, aliyesimama foleni ya benki, aliyechukua dawa, aliyechongesha funguo zilipopotea, aliyejua ni fundi yupi ukimwambia Alhamisi anaelewa Alhamisi na yupi lazima umtangulie siku mbili. Magoti yalipoanza kumsumbua alipunguza kwanza safari za mbali, zikafuata za karibu, na sasa akijitahidi sana anafika getini. Mizunguko yote ile ikahamia kwangu, juu ya kazi ninayoifanya kila siku.

Vitu nilivileta, na kila alichoagiza kilifika. Lakini mama alikuwa na swali lake, aliniuliza kila niliporudi hata kabla sijatua mfuko: "Haya, huko umekuta nini?" Nami nikimjibu kama wanavyojibu wenye haraka wote: "Hakuna jipya, mama." Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote ile alikuwa akirudi na mzigo mwingine ambao sisi watoto hatukuuhesabu. Alirudi na habari: mti wa kona umekatwa, ukuta wa shule umepakwa rangi, mtoto wa mshonaji ameanza kutembea. Magoti yalipomkatalia safari, na habari zikakatika.

Picha ya kwanza ilikuwa ya haja tu. Nilikuwa nimesimama mbele ya rafu ya balbu, aina kadhaa zinazofanana, nikaipiga picha rafu nzima nikamtumia nimuulize ni ipi. Jibu la balbu likaja, likafuatwa na ujumbe wa sauti, mrefu: kwani wamehamisha kaunta? Na yule aliyekaa nyuma kwenye kiti ni mwenye duka mwenyewe? Mbona amekonda? Nilipofika nyumbani aliomba simu yangu aione picha ile tena, akaikuza kwa vidole kona hadi kona. Sijawahi kumwona akizitazama picha za harusi kwa muda mrefu vile.

Tangu hapo, kila ninapotoka kwa shughuli, narudi na picha moja kwa ajili yake.

Nasema moja, na nina sababu. Ukimwonyesha mtu picha arobaini za safari ya saa moja umempa kazi ya kupekua. Ukimwonyesha moja umempa mahali pa kukaa. Tena hiyo moja humlazimisha mpigaji mwenyewe kutembea macho yakiwa wazi, kwa kuwa hajui kama atakachokiona mbele kitashinda anachokiona sasa. Aliyenitia moyo katika hilo ni Jamie Livingston, mpiga picha wa New York, aliyeanza tarehe 31 Machi 1979 kupiga picha moja ya Polaroid kila siku, akaendelea hadi tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki. Kamera ya Polaroid hutoa karatasi yake papo hapo. Ukishabonyeza umeshatumia, hakuna kufuta. Nyingi ya picha zake ni za mambo madogo: meza ya chakula, marafiki wamekaa, barabara, uwanja wa michezo. Mwishoni zinaingia za hospitali, maana aliugua saratani, na katikati ya hizo imo ndoa yake ya wiki zile za mwisho. Rafiki zake walizikusanya baadaye. Ninachokipenda zaidi ni kwamba karatasi zote zina ukubwa uleule. Siku ya harusi na siku ya kukaa tu nyumbani zimepewa nafasi sawa, na ukizipitia kwa mfululizo huwezi kuruka siku kwa sababu eti ilikuwa ndogo.

Mama ndiye mwalimu wangu, na hasifu kwa kuhurumia. Niliwahi kumletea machweo, mawingu yamewaka anga nzima, watu barabarani wamesimama wanatazama. Akasema, "Nzuri," akanirudishia simu. Kesho yake nikamletea meza ya mshonaji: mkasi, chaki ya kuchoria, vibobina vya nyuzi vimepangwa kwenye mfuniko wa kopo, kipande cha kitambaa cha bluu kikiwa bado chini ya sindano. Hapo alivuta miwani. "Amebadilisha cherehani," akasema. "Ile ya zamani ilikuwa na mchoro wa dhahabu pembeni. Na hiki kitambaa ni cha sare ya shule, maana yake wanafunzi wanakaribia kufungua." Yote hayo kutoka kwenye picha niliyoipiga nikiwa nasubiri chenji.

Hapo nikajua anachotaka. Anataka picha anayoweza kuingia ndani yake akatembea. Machweo hayana mlango. Meza ya mtu anayefanya kazi ina milango mingi, na kila aliyewahi kufika pale ataingilia mlango wake.

Ufundi wa picha za namna hiyo si mgumu, ila una mambo yake, na kila moja nimelipata kwa maswali ya mama. La kwanza ni urefu. Mama ni mfupi kuliko mimi. Nikipiga kutoka usawa wa macho yangu huniambia kaunta imekuwa chini siku hizi. Kwa hiyo simu naishika kifuani, na vitu hukaa anavyovikumbuka. La pili ni ukaribu. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana. Hula eneo kubwa, na kitu unachokipenda huishia kuwa kidogo katikati ya vitu usivyovitaka. Kukikuza kwa vidole kabla ya kupiga hakusaidii sana, kwa kuwa simu nyingi hukata tu kipande cha picha na kukitanua, ndiyo maana hutoka na chengachenga. Miguu ndiyo inayokuza vizuri: sogea hatua tatu. La tatu ni dogo, na ndilo linaloharibu picha nyingi kuliko yote: kioo cha lenzi. Simu hukaa mfukoni, hushikwa na mikono yenye mafuta ya mwili, na lenzi hupata utando usioonekana. Utando huo hutawanya mwanga, taa zinavuja mistari, weusi unageuka kijivu. Ifute kwa kitambaa laini kisafi kabla ya kupiga. Watu huulizana wanunue simu gani mpya, na ile waliyonayo haijafutwa lenzi tangu itoke dukani.

Mwanga unahitaji maneno zaidi, kwa sababu mtu mwenye shughuli hachagui saa. Waalimu wa picha husema toka alfajiri au jioni, jua likiwa chini. Lakini benki haifunguliwi alfajiri, na dawa ya mama huchukuliwa ilipokwisha. Mara nyingi najikuta njiani jua likiwa utosini, mwanga unashuka wima, macho ya watu yanazama kwenye kivuli cha paji la uso, ukuta unawaka hadi unaumiza. Zamani saa hiyo nilikuwa naacha simu mfukoni. Sasa naijua dawa yake: kizingiti. Ingia ndani ya mlango hatua moja au mbili, geuka utazame kilicho karibu yako. Mwanga pale huja kutoka upande mmoja tu, umeshapiga ukuta wa ng'ambo au sakafu ukarudi ukiwa umetulia, nao hukipitia kitu kwa ubavu. Kila mkunjo wa ngozi ya kiatu, kila uzi, kila kichwa cha skrubu kinapata kivuli chake kidogo na kuonekana.

Nilipoanza kuvizingatia vizingiti ndipo nilipogundua kitu ambacho kimekuwa mbele yangu tangu utotoni. Fundi saa ameweka meza yake pale pale. Mshonaji pale pale. Fundi viatu pale pale. Wote wamekaa karibu na mlango, ubavu kwa mwanga, kwa sababu wanautaka mwanga uleule ninaoutaka mimi. Anayetia uzi kwenye tundu la sindano kutwa nzima anajua mwanga kuliko mtu yeyote mwenye kamera. Siku hizi nikiingia mahali nisipopajua, namtafuta kwanza fundi amekaa wapi, halafu nasogea karibu naye.

Jambo moja la simu kabla sijaendelea. Ndani kukiwa na giza na nje kukiwaka, kamera haiwezi kushika vyote sawasawa, lazima uiamulie. Gusa kioo cha simu mahali unapotaka paonekane. Kwenye simu nyingi itatokea alama ya jua pembeni. Ivute chini kidogo, picha itapungua ukali wa mwanga na rangi zitarudi. Mawingu nayo usiyachukie. Siku ya mawingu anga lote linakuwa taa moja pana, vivuli vinalainika, na nyuso za watu hupendeza kuliko siku ya jua kali.

Basi kwa vizingiti hivyo na mawingu hayo nimemletea mama nyumbani vitu ambavyo hakuna anayevitafuta. Saa za ukutani kwa fundi, kila moja imesimama kwa wakati wake. Ukuta wa mchonga funguo, funguo mbichi zisizo na meno zimeninginia safu kwa safu. Viatu vya upande mmoja mmoja vikisubiri gundi ikauke. Paka aliyelala juu ya vitambaa vya wateja bila mtu kumgusa. Watu wawili wamebeba kioo kikubwa cha dirisha, wanavuka barabara taratibu, na ndani ya kioo kile limo wingu zima likivuka nao. Hilo la kioo lilinifurahisha hadi nikasahau nilikokuwa nakwenda, nikasimama pembeni nikiwatazama mpaka wakapinda kona.

Foleni ndiyo iliyonibadilisha zaidi, ingawa picha za foleni nilizonazo ni chache. Benki hairuhusu kamera, na ina haki. Hospitali na famasi nimezikataza mwenyewe: mtu aliyeshika karatasi ya daktari hajaja pale awe kumbukumbu yangu. Kwa hiyo ndani ya foleni natazama tu. Natazama watu wanavyoshika kijikaratasi cha namba. Yuko anayekikunja hadi kinakuwa kama njugu, yuko anayekisoma kila dakika namba isije ikabadilika. Natazama mzee anavyomwachia nafasi mama mwenye mtoto bila kusema neno, anarudi tu hatua moja. Halafu nikitoka nje napiga picha ya kitu kimoja, pengine mpini wa mlango uliong'arishwa na mikono ya watu wengi, na nikifika nyumbani namsimulia mama yale mengine. Kumbe picha moja ya mpini inatosha kuibeba foleni nzima, mradi foleni umeitazama.

Utafiti mmoja ulinithibitishia hilo. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwenye jumba la makumbusho. Washiriki waliopiga picha kitu kizima walikikumbuka vibaya kuliko vitu walivyovitazama tu bila kamera. Ni kama walikuwa wameiachia kamera kazi ya kukumbuka. Lakini walioambiwa wakuze sehemu moja ya kitu hawakupata hasara hiyo. Nililisoma hilo nikafikiria mpini wangu. Tangu hapo utaratibu wangu ni kutazama kwanza, mikono ikiwa chini, mpaka nijue ni kipi hasa kimenisimamisha. Simu hutoka mfukoni mwishoni kabisa. Mara nyingine nikishatazama vizuri naona haitakiwi kutoka, nami naiacha.

Watu nawaomba. Sipigi uso wa mtu kwa kuvizia, na sijali nikikosa picha nzuri kwa ajili hiyo. Wengi hukataa nyuso lakini huruhusu mikono, na mikono ya mafundi ina habari kuliko nyuso zao. Fundi viatu alikuwa mgumu mwanzoni. Aliniuliza kuna nini cha kupiga picha kwenye kiatu kibovu. Nikamsimulia kisa cha mwaka 1838, cha Mfaransa Louis Daguerre, aliyeelekeza kamera yake kwenye barabara moja ya Paris iitwayo Boulevard du Temple. Enzi zile picha moja ilihitaji dakika kadhaa kujichora kwenye bamba. Magari ya farasi yalipita, watu walipita, lakini kwa kuwa hakuna aliyetulia, wote walifutika. Barabara iliyojaa watu ikatoka tupu. Aliyebaki ni mtu mmoja pembeni ya barabara, aliyesimama mguu mmoja ameuinua, akisafishiwa viatu. Anahesabiwa kuwa mtu wa kwanza anayejulikana kuonekana kwenye picha. Hakuwa mfalme wala jemadari. Alikuwa kwenye mizunguko yake kama mimi, akakaa kwa fundi dakika chache, na msafisha viatu naye anaonekana kidogo amejiinamia.

Fundi alinisikiliza hadi mwisho akiwa na misumari midogo kati ya midomo. Akaitoa. "Kwa hiyo sisi ndio tuliotangulia," akasema, akaigeuza stuli yake ili mikono ikae penye mwanga. Picha ile niliisafisha nikampelekea, ameibandika juu ya kopo la gundi, na wateja wakiuliza huwasimulia habari za Paris kwa ufasaha kuliko wangu.

Chini ya kila picha huandika mstari mmoja: tarehe, na nilitumwa nini. "Kufuata koti." "Kulipia maji." "Kuuliza kama dawa imefika, haijafika." Mstari huo hauonekani kuwa na thamani siku unapouandika. Thamani yake inakuja baadaye, na kuhusu hili kuna jambo lililochunguzwa kwa makini. Mwaka huohuo wa 2014 mtafiti Ting Zhang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichapisha utafiti ambao wanafunzi waliweka kumbukumbu za maisha yao ya wakati ule, kama mazungumzo ya karibuni, nyimbo walizokuwa wakizisikiliza na maelezo ya tukio fulani, kisha wakakisia ni kiasi gani watatamani kuziona tena. Miezi mitatu baadaye kumbukumbu zilipofunguliwa, shauku yao ilikuwa kubwa kuliko walivyokisia. Katika jaribio jingine wakalinganisha kumbukumbu za Siku ya Wapendanao na za siku ya kawaida, na siku ya kawaida ndiyo iliyowashangaza zaidi walipoirudia. Mimi naiona sababu yake nikiwa nimekaa na mama. Siku kubwa tunaisimulia tena na tena, haipotei. Siku ya kufuata koti hupotea usiku uleule, kwa hiyo ukiikuta tena unaikuta mpya.

Ndivyo anavyofanya. Tukipitia picha za miezi iliyopita, zile nilizodhani ni dhaifu ndizo anazozisimamia. Risiti juu ya benchi. Anasoma bei, anasikitika. Kona ya barabara isiyo na kitu. Anauliza lile benchi lililokuwa pale limekwenda wapi, nami sikuwahi kujua kulikuwa na benchi.

Kuzitazama pamoja ndiko ninakokushikilia kuliko kuzipiga. Humfikiria sana Vivian Maier, aliyekuwa yaya Chicago kwa miaka mingi, akitembea na watoto wa watu mitaani huku kamera iko kifuani. Alipiga zaidi ya picha 100,000. Umma ulikuja kumjua kwa sababu masanduku yake, yaliyokuwa kwenye ghala la kukodi, yalipigwa mnada mwaka 2007, alifariki 2009. Mikanda yake mingi haikuwahi kusafishwa alipokuwa hai. Watu hubishana kama alitaka kazi yake ionekane au la. Mimi hunigusa ile mikanda: mwanga ulishaingia, wakati ulishashikwa, na hata yeye mwenyewe hakuona kilichotoka. Simu zetu nazo zina mikanda ya namna hiyo, maelfu ya picha ambazo aliyezipiga hajazitazama mara ya pili. Ndiyo maana kwetu picha haihesabiki kuwa imekamilika mpaka watu wawili wameitazama wakaizungumzia.

Siku nyingine hakuna picha. Kuna mvua, kuna homa, kuna siku ambayo kazi imenimeza na shughuli zote amefanya mdogo wangu. Siku hizo naziacha wazi. Sirudi nyuma kuzijaza, wala kesho yake sipigi mbili kufidia. Nimewaona watu wakiacha kabisa mazoea mazuri kwa sababu ya siku moja iliyokatika, na hilo linanisikitisha. Furaha ndogo ikishageuzwa deni haitakaa.

Katika siku moja ya namna hiyo ndipo mama alipoanza zake. Nilirudi mikono mitupu, akaniambia, "Leo mimi ninayo." Alikuwa amepiga picha kupitia dirishani: kamba ya nguo ya jirani, shuka jeupe limeshika upepo, na nyuma yake kivuli cha mtoto anayekimbia, kimechapwa juu ya shuka. Kidole gumba chake kimeziba kona ya chini. Ni picha nzuri kuliko nyingi zangu, na ninalisema hili kwa moyo wote. Nilimsimulia habari za mpiga picha Josef Sudek wa Prague, aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia na bado akafanya kazi na kamera kubwa nzito. Mwaka 1940, nchi yake ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, alianza kupiga picha dirisha la studio yake, na akaendelea nalo hadi 1954. Dirisha lilelile: mara lina mvuke, mara lina matone ya mvua, mara barafu, na nje mti mmoja uliopinda. Mama aliuliza swali moja tu, kama mti ule ulikuwa na matunda.

Sasa tunabadilishana. Mimi namletea moja ya nje, yeye ananipa moja ya dirishani. Amejifunza kugusa kioo na kuvuta alama ya jua chini, na ananikumbusha kufuta lenzi kabla sijatoka. Pia ameanza kunituma kwa picha: nenda uone kama wameshaweka bati kwenye ile nyumba, nenda uone ule mti waliokata unachipua au wameung'oa. Nami nakwenda, kwa kuwa nina shughuli upande huo hata hivyo.

Kila mwisho wa mwezi tunachagua picha chache za kusafisha. Tunazibandika ukutani pembeni ya kalenda, na za mwezi uliopita zinahamia kwenye albamu. Hapo ndipo tunapogombana. Mwezi uliopita mimi niliitetea ile ya kioo chenye wingu, nikaeleza habari za mwanga na mpangilio wake hadi nikaridhika. Mama akaiweka kando, akachukua ya mlango wa fundi saa. Mlango umefungwa. Juu yake pameninginia kipande cha kadibodi kimeandikwa kwa kalamu nene: "Nimetoka, narudi sasa hivi." Nikamwambia, mama, hii haina mtu, mwanga wake umelala, niliipiga kwa sababu tu sikumkuta.

Alicheka hadi akashika magoti. Akasema kadibodi ile ameisoma tangu mimi niko darasa la pili, na hata siku moja hajawahi kumwona mtu yule akirudi sasa hivi. Akaipimia nafasi ukutani kwa kiganja, akanikabidhi simu.

"Isafishe kubwa," akasema. "Na ukienda kuichukua, pitia umwangalie kama amerudi. Saa yangu iko kwake."